Kiolezo cha Twenty Twenty-Five mikononi mwa mwandishi wa mashairi

Mshororo mmoja wa tarbia, shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, una mizani (silabi) 16, 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili, na katikati pana kina ambacho sikio hukingojea. Kiolezo chochote cha blogu mimi hukipima kwa mshororo huo. Kikiufikisha salama kwenye simu ya mwanafunzi wa kidato cha tatu, nitakaa nacho. Kikiukata ovyo, rangi na madoido yake hayanihusu.

Naandika blogu ya mashairi na uchambuzi wake nikiwa Mombasa. Wasomaji wangu ni wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani, walimu wenzangu, na jamaa zetu walioko Muscat. Karibu wote husoma kwa simu, na wengi kwa bando la kununua kidogokidogo. Awali nilikuwa na kiolezo cha kulipia, chenye picha zinazopishana juu ya ukurasa na dirisha la kuomba barua pepe linalomrukia msomaji kabla hajasoma hata kichwa cha shairi. Nikahamia Twenty Twenty-Five, kiolezo cha bure cha WordPress, programu ya kuendeshea blogu na tovuti, kilichotoka Novemba 2024 pamoja na toleo la 6.7, na sasa nimekizoea vya kutosha kukitolea ushahidi.

Ukikiwasha unapokewa na utulivu. Ukurasa mweupe, maandishi meusi, hakuna safu ya pembeni, hakuna kinachocheza. Makala hukaa kwenye safu moja isiyozidi upana wa pikseli 645, kwa hiyo hata kwenye kompyuta ya mezani jicho halisafiri mbali kuutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Herufi ni za mtindo uitwao Manrope, na zimo ndani ya kiolezo chenyewe, haziagizwi kutoka tovuti nyingine kila ukurasa unapofunguliwa. Nazipenda. Ila zimewekwa katika unene wa 300, na wembamba huo kwenye simu ya kioo hafifu, tena juani, unafifia. Niliingia sehemu iitwayo Styles, nikafungua Typography, nikachagua Regular, ambayo ni 400. Kazi ya dakika moja, na namshauri kila mtu aifanye kabla ya jambo jingine lolote.

Sasa tuje kwenye shairi lenyewe. Nilipandisha tungo yenye mshororo huu wa kwanza:

Nimerudi barazani, nawasabahi kaumu

Kwenye kompyuta ulikaa mzima, na nafasi ikabaki. Jioni nikapata ujumbe kutoka kwa binti wa dada yangu, aliyeko Muscat: "Mjomba, hili neno kaumu mbona liko peke yake chini? Ndiyo kibwagizo?" Alikuwa anasoma kwa simu. Herufi za kiolezo hiki ni kubwa, na ukubwa huo ni fadhila kwa makala ya kawaida, lakini kioo cha simu hakiwezi kubeba herufi 31 za ukubwa huo kwa mstari mmoja. Neno la mwisho likashuka, likabaki limening'inia, na katika kila mshororo lilishuka neno la urefu tofauti. Ubeti wa mishororo minne ukaonekana una minane, na kina cha mwisho, ambacho ndicho nguzo ya bahari nzima, yaani ya aina hiyo ya shairi, kikawa kama kimedondoka kwa bahati mbaya.

Dawa imo ndani ya WordPress, na ajabu ni kwamba watu wengi wanaoandika mashairi mtandaoni hawaigusi. Badala ya kuweka ubeti kwenye aya ya kawaida, chagua bloku (kisanduku cha kuwekea maudhui) iitwayo Verse. Humo ukibonyeza kitufe cha kushuka unapata mstari mpya bila kuanzisha aya mpya, na nafasi unazoziacha mwanzoni mwa mstari zinabaki kama ulivyoziweka. Nikaukata kila mshororo mwenyewe, penye kina cha kati, na utao nikausogeza ndani:

Nimerudi barazani,
    nawasabahi kaumu

Hapo simu haina tena la kukata. Msomaji anakiona kina cha kati kikiwa mwisho wa mstari wake na kina cha mwisho mahali pake, na mwanafunzi anayehesabu mizani anahesabu nane nane bila kuhangaika. Njia nyingine ni kupunguza ukubwa wa herufi kwenye bloku za Verse peke yake, jambo ambalo Styles inakuruhusu kuliweka mara moja likashika mashairi yote yaliyopo na yajayo. Siichagui, kwa sababu wazee wetu nao wanasoma, na herufi ndogo zinawafukuza.

Jambo la pili lililonifurahisha ni lugha. Ukifungua makala kwenye kiolezo hiki unakuta chini ya kichwa pameandikwa "Written by", na mwishoni "More posts". Shairi la Kiswahili likizungukwa na maneno hayo linakuwa mgeni kwenye ukurasa wake lenyewe. Zamani kubadilisha neno kama hilo kulihitaji fundi wa kuingia kwenye faili za programu. Hapa unafungua kihariri cha tovuti, unakwenda kwenye umbo la makala moja, unabofya neno, unalifuta na kuandika lako. Langu sasa linasema "Mtunzi", na chini "Tungo nyingine". Tarehe nayo, ili isije na majina ya miezi ya Kiingereza, niliiweka kwa tarakimu tupu kwenye mipangilio ya jumla.

Ukiwa humo humo, shuka hadi chini kabisa ya ukurasa. Kiolezo kinakuja na viungo vya mfano vya maswali, matukio, duka na kadhalika, ambavyo haviendi popote. Viondoe vyote! Nimeona blogu nzuri za watu makini zikiwa na duka lisilokuwepo, na msomaji akibofya mara mbili bila kufika anaanza kuishuku hata kazi iliyo juu. Mimi nimeacha viungo vitatu tu: kunihusu, orodha ya bahari za mashairi, na anwani ya kuniandikia. Kwenye kichwa cha ukurasa nimeongeza kisanduku cha kutafuta, kwa kuwa mwanafunzi huja na neno moja tu, jina la bahari kama takhmisa au sakarani, na anataka kulifikia upesi.

Kwa ukurasa wa mbele nilichagua mpangilio wa maandishi matupu, ambapo vichwa vya makala vimefuatana kimoja chini ya kingine bila picha. Ni mwepesi kufunguka. Anayeandika safari au mapishi atataka ule wa picha, na ajue kwamba WordPress yenyewe hupunguza picha inayozidi pikseli 2560, ingawa bado ni adabu kuipunguza wewe kwanza.

Rangi sikuzihangaikia sana. Kuna seti nane zilizopewa majina ya vipindi vya siku, kama Morning, Noon na Midnight. Baadhi zinapendeza kweli, lakini kwa msomaji aliye kituo cha matatu saa saba mchana, nyeusi juu ya nyeupe haina mpinzani. WCAG, kipimo cha kimataifa cha tovuti kufikiwa na watu wote, kinadai uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na kihariri hukuonya ukichagua rangi mbili zinazofichana. Onyo hilo lisipuuzwe.

Mashairi hughaniwa, kwa hiyo juu ya kila tungo naweka sauti yangu kwa bloku ya Audio. Pembeni yake pana kipengele cha Preload. Kiweke None, ili sauti isianze kupakuliwa mpaka msomaji abonyeze mwenyewe. Bando ni lake, aamue yeye.

Kuhusu gharama: kiolezo ni bure na WordPress yenyewe ni bure. Utakacholipia ni kuhifadhiwa kwa tovuti na jina lake. Kwa mtu binafsi hapa Kenya kuna majina yanayoishia na .me.ke, yanafaa sana kwa blogu ya mtu mmoja.

Pungufu ninalolisikitikia liko kwenye fomu ya maoni. Maneno "Leave a Reply" na wenzake hayabadiliki kwa kubofya, kwa sababu yanatoka ndani ya WordPress na wala si ya kiolezo hiki. Yanafuata lugha ya tovuti nzima, na tafsiri za Kiswahili huandikwa na watu wa kujitolea kwenye translate.wordpress.org. Nimejiandikisha huko na nimeanza na maneno ya fomu hiyo. Walimu na malenga wenzangu wenye nusu saa jioni, akaunti ni bure, na Kiswahili chenu kinahitajika.