Saa 30 za nasari Uingereza: fomu ni dakika ishirini, mtihani ni tarehe

Binti yangu alitarajiwa tarehe 27 Novemba 2024. Hakuwa na haraka. Alitoka tarehe 4 Disemba, mzima, analia kwa nguvu zote, na kwa ile wiki moja aliyojikalia tumboni sisi wazazi wake tulikuja kulipa miezi minne. Siku ile sikujua. Nilijua mwaka uliofuata, nimekaa jikoni kwetu Leicester na simu mkononi, nikisoma masharti ya saa 30 za nasari kwa wiki ambazo serikali huwalipia watoto wa wazazi wanaofanya kazi.

Kanuni yenyewe ni hii. Tangu Septemba 2025, mtoto hupata saa hizo 30 kuanzia miezi tisa. Lakini haanzi siku anayotimiza miezi tisa. Anasubiri muhula unaofuata, na mihula ni mitatu: tarehe 1 Septemba, 1 Januari na 1 Aprili. Binti yangu alitimiza miezi tisa tarehe 4 Septemba. Angezaliwa siku nne mapema, angeanza pamoja na wenzake Septemba ileile. Kwa kuwa alichelewa, alingoja hadi Januari 2026.

Na mimi je? Malipo ya likizo ya uzazi hapa ni wiki 39, na yangu yaliisha Agosti. Mshahara umekatika, nasari haijafunguka. Nafanya kea kwenye nyumba ya wazee, baba watoto yuko ghalani. Nikachukua zamu za usiku, yeye akabaki na za mchana. Saa moja na nusu asubuhi mimi naingia, yeye anatoka, tunapeana mtoto mlangoni kama watu wanaopeana funguo za gari. Salamu ilikuwa "amekula" au "hajala". Tukaenda hivyo hadi mwaka mpya.

Kwa hivyo nikiulizwa nina maoni gani juu ya huduma ya kuangalia kama mtoto anastahili, jibu langu lina sehemu mbili zisizofanana. Fomu ni nzuri. Kalenda ni balaa.

Nianze na uzuri, kwa sababu upo. Unaomba kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, hakuna kupanga foleni, hakuna mtu wa kukuambia njoo kesho. Unahitaji namba yako ya bima ya taifa na ya mwenzio, majina na tarehe za kuzaliwa za watoto, tarehe uliyoanza kazi ikiwa ni mpya, na kitu cha kuthibitisha kwamba wewe ndiwe wewe, kama pasipoti. Maandishi ni mepesi, swali moja kila ukurasa. Mwezi wa Novemba nilijaza nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani, usingizi umejaa machoni, na nilimaliza kabla ya kushuka. Wengine hujibiwa papo hapo, wengine huambiwa wangoje hadi siku saba. Mimi mara zote mbili nimeangukia kwa wanaongoja.

Ukikubaliwa unapewa msimbo wa tarakimu 11. Wabongo na Wakenya wa hapa wengi wanauita "kodi", wakifuata Kiingereza, na ndiyo maana mama yangu kule Mombasa alinipigia siku moja kwa wasiwasi: "Nasikia mtoto ameshaanza kulipishwa kodi? Mtoto wa miezi kumi na moja?" Basi mimi nasema msimbo.

Sharti kuu la kipato ni kwamba kila mzazi awe anatarajia kupata, katika miezi mitatu ijayo, angalau mshahara wa saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini cha taifa. Kwa mwenye miaka 21 na zaidi, kuanzia Aprili 2025 hiyo ilikuwa pauni 2,539, karibu pauni 195 kwa wiki, nayo hupanda kima cha chini kinapopanda kila Aprili. Neno la kuangalia ni "unatarajia". Sisi wa mikataba isiyo na saa maalumu, ambao wiki hii una zamu tano na wiki ijayo mbili, tunaogopa kubonyeza kana kwamba tunaapa mahakamani. Nilichofanya ni kujumlisha karatasi zangu za mshahara za miezi mitatu iliyopita, nikaona nimepita, nikabonyeza. Aliyejiajiri chini ya mwaka mmoja hadaiwi kima hicho. Na juu kuna dari: mzazi mmoja akizidi pauni 100,000 kwa mwaka, nyumba nzima inakosa. Hiyo dari kwetu haijawahi kutunyima usingizi.

Sasa niingie kwenye yale yaliyotuumiza, na mengine tulijitakia.

Mara ya kwanza kuomba ilikuwa 2024, kwa kaka yake binti yangu, aliyetimiza miaka mitatu Februari. Mume wangu ndiye hodari wa kompyuta nyumbani, kwa hivyo ndiye aliyefungua akaunti. Akajaza, akajaza, akafika kwenye swali la uhamiaji. Yeye alikuja kwa viza ya mwenza, na viza hiyo imeandikwa wazi kwamba hana ruhusa ya fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Akajibu kweli, kama Muislamu. Ukurasa ukamwambia hastahili. Tukafunga kompyuta, tukasema riziki hiyo si yetu.

Wiki nzima ilipita hivyo. Aliyetuzindua ni mama mmoja wa Bukavu niliyekutana naye harusini, Kiswahili chake kile cha Kongo chenye Kifaransa ndani. Alinicheka. "Wewe uko na pasipoti ya huku, bwana yako hana. Juu ya nini ni yeye anaomba?" Kumbe katika nyumba ya wazazi wawili inatosha mmoja awe na uraia, au ukaazi wa kudumu, au ruhusa ya fedha za umma, na huyo ndiye awe mwombaji. Mwingine anaingia kama mwenza. Nikaomba kwa jina langu. Tukakubaliwa.

Mama yule wa Bukavu mwenyewe alikuwa na habari kubwa kuliko yangu. Yeye na mumewe wote viza zao zilikuwa hazina ruhusa ya fedha za umma, na mtoto wao wa miaka miwili bado alipata saa 15. Ni mlango mwingine, unaopita kwa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, si kwa ile fomu ya wanaofanya kazi. Nje ya London, familia ya aina yao yenye mtoto mmoja inatakiwa isizidi pauni 26,500 kwa mwaka. Wenye watoto wawili au zaidi, 30,600. London ni 34,500 na 38,600. Na akiba isizidi pauni 16,000. Familia zinazopokea Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nazo zina mlango kwa mtoto wa miaka miwili, ikiwa mapato ya kazi baada ya kodi hayazidi 15,400. Na mtoto akishafika miaka mitatu, saa 15 ni za kila mtoto, baba yake awe na kazi au asiwe nayo, viza iwe ya rangi gani. Nimekutana na watu wa kwetu, wenye viza za kazi na za masomo, waliokaa na mtoto wa miaka minne nyumbani wakiamini kwamba kugusa saa hizo ni kuharibu viza.

Turudi kwa kijana wangu. Msimbo ulitoka tarehe 21 Machi 2024, nikaupeleka nasari kwa furaha. Tarehe 27 napigiwa: mfumo wa kaunsili hauutambui. Ilikuwa Ramadhani, nimefunga, koo kavu, na Ijumaa inayofuata ni Ijumaa Kuu, ofisi zinafungwa. Msimbo lazima uwe umetoka kabla ya muhula, yaani si zaidi ya tarehe 31 Machi kwa wanaoanza Aprili. Nikamsomea yule dada wa ofisini tarakimu zote kumi na moja, moja moja, mara tatu. Hautambuliki. Akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba labda nijaribu muhula wa Septemba.

Nilikaa chini kwenye ngazi. Halafu nikamuuliza, unapoandika msimbo unaandika na nini tena? Akasema, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto na namba ya bima ya mzazi. Ya mzazi yupi? Kimya. Nikasikia karatasi zinafunuliwa. Fomu ya kumsajili mtoto ilijazwa na mume wangu, na namba iliyokuwemo ilikuwa yake. Msimbo ni wangu. Kaunsili ilikuwa inatafuta kitu ambacho hakipo. Nikamtajia namba yangu, akaandika, na kabla hata sijamaliza kupumua akasema, "Oh, there it is." Moyo kunidunda kote kule, kwa sababu ya namba moja. Namlaumu kidogo kwa kuniharakishia Septemba, lakini namba ile haikuandikwa na yeye.

Jambo la pili ni kuthibitisha. Msimbo hauishi milele. Kila miezi mitatu lazima uingie tena useme hali yako ni ileile. Wanakukumbusha kwa ujumbe kama wiki nne kabla. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuja, nikausoma nikiwa namgeuza mgonjwa kitandani, nikasema nitafanya nikitoka. Sikufanya. Kuna kipindi cha msamaha ambacho mtoto aliyekwisha kuanza habanduliwi mara moja, na ndicho kilichotuokoa. Niliingia nikathibitisha kwa kuchelewa na nafasi ikabaki. Lakini msamaha huo haumfai mtoto ambaye bado hajaanza, wala anayetaka kuhamia nasari nyingine. Kuthibitisha kwenyewe hakuzidi dakika mbili. Ni kukumbuka tu.

Halafu neno "saa 30". Nilidhani ni 30 kila wiki ya mwaka. Hapana. Ni wiki 38, za muhula wa shule, jumla saa 1,140. Nasari yetu, kama nyingi, inafungua karibu mwaka mzima, kwa hivyo wananyoosha: 1,140 juu ya wiki 51 inakuwa saa 22 na ushee. Zamu zangu haziendi likizo Agosti, kwa hivyo nilichagua kunyooshewa. Juu yake kuna ankara ya chakula, nepi na krimu ya jua. Sheria inasema hivyo ni vya hiari, mtoto hawezi kunyimwa saa zake kwa sababu mzazi hakulipa ziada. Nilipouliza kama naweza kufunga chakula changu nyumbani, nilitazamwa kana kwamba nimeomba kuleta mbuzi. Baadaye wakakubali. Sasa binti anakwenda na wali na maharagwe ya nazi, na walezi wananiambia chumba chote hunukia.

Onyo moja kwa mnaopokea Universal Credit: akaunti hiihii ya serikali ndiyo inayotoa Tax-Free Childcare, ile ambayo ukiweka pauni 8 za kulipia nasari serikali inaongeza 2. Kizuri, lakini hakiendi pamoja na Universal Credit. Saa 30 zinakwenda nayo bila tatizo. Soma unachoombea kabla ya kubonyeza. Na haya yote ni ya England. Uskoti na Wales wana taratibu zao.

Lalamiko langu la mwisho si la tovuti, ni la waliotunga masharti. Mama asiye na kazi anaambiwa saa 30 atapata akifanya kazi. Kazi ataitafuta mtoto akiwa wapi? Kwetu angemwachia shangazi au jirani. Hapa jirani yangu namjua kwa gari lake tu.

Nyota: fomu naipa tano, masharti ya tarehe mbili. Mwenye mimba sasa hivi, hesabu miezi tisa mbele kuanzia siku ya kujifungua, tazama inaangukia muhula gani, na omba mtoto akiwa na wiki 23, wanaporuhusu, au angalau mwezi mzima kabla ya tarehe ya mwisho: 31 Agosti, 31 Disemba, 31 Machi. Hata kama msimbo utatoka siku moja tu baada ya hapo, ni muhula mwingine mzima.

Binti alianza Januari, wiki ya kwanza shule zilipofunguliwa. Alilia, mimi nikalia kwenye gari, kisha nikaenda nyumbani nikalala mchana saa tano mfululizo. Kuthibitisha kwangu kwa Februari kumepita. Kwa Mei kumeandikwa kwenye mlango wa friji, kwa kalamu nyekundu, juu ya ratiba ya zamu, na mume wangu ameongeza chini yake: "usiseme nitafanya nikitoka."