Kuhukumu paka: mbele ya wenyewe, au wenyewe wakiwa nje?

Kwenye maonyesho ya paka ya CFA na TICA, mashirika ya wapenzi wa paka yenye asili ya Marekani, jaji yuko mezani, vizimba vimepangwa nyuma yake, na wenye paka wameketi mbele wakimtazama. Mtindo wa jadi wa GCCF, shirika kama hayo la Uingereza, ni kinyume: wenye paka hutoka ukumbini, jaji akapita kizimba kwa kizimba na msaidizi wake. Kila paka ana blanketi jeupe na namba, asijulikane ni wa nani.

Kuhusu shutuma za upendeleo, mtindo wa Uingereza humlinda jaji zaidi. Kule mezani, macho yakigongana tu na ya mtu anayefahamiana naye, minong'ono huanza; ndiyo maana hapigi soga na mwenye paka kabla ya kumaliza kazi. Ulimi nao una mtihani wake: anasema papo hapo, hadharani, asimdhalilishe aliyeshindwa. Jaji wa GCCF huandika ripoti baadaye, kwa utulivu.

Usafi hauna mjadala kokote: mikono hutakaswa kabla ya kumshika paka mwingine. Na paka akikwaruza hafokewi, hurudishwa kizimbani taratibu.

Mimi ningechagua hukumu ya hadharani. Mgeni hujifunza mengi kwa kusikia tu.