TAHADHARI: Ukiwa na saa ya zamani, usimwachie huyu fundi hata dakika moja

Nimekaa na jambo hili siku tisa bila kulisema kwa sababu naona haya. Mimi ndiye yule anayewapigia kelele kila siku msitume pesa kabla hamjauona mzigo. Haya, chekeni kwanza mmalize, kisha msome, maana kuna mtu kati yenu ana saa ya babu yake kwenye droo na huyu bwana anamngojea.

Saa ya Mzee mnaijua. Omega Seamaster ya chuma, ile inayojijaza yenyewe ukiivaa, aliyoinunua hapa hapa Nairobi mwaka 1969 akiwa karani wa reli, enzi za nyumba za Muthurwa. Sababu ya kuiuza pia mnaijua, sitairudia. Kaka alikataa, kisha akanyamaza, kisha akasema fanya unavyoona. Miezi minne nilikuwa leo nauza, kesho siuzi. Naivaa harusini, nikirudi naifuta na kuilaza kwenye soksi yake. Kijana wangu akanionyesha mtandaoni saa kama hiyo ikiulizwa elfu tisini na kitu. Nikasema basi.

Sikwenda kwa mtu wa kibandani chini ya ngazi, na hapo ndipo nilipojiona nina akili. Huyu ana chumba chake ghorofani katikati ya mji, mlango wa vyuma, kengele, kiti cha wageni. Nilielekezwa na mtu mzima mwenye heshima zake, naye hana kosa. Jumamosi tarehe 30 nikapanda zile ngazi.

Alinipokea vizuri mno. "Karibu mama, pumzika kwanza, ngazi hizi zinachosha." Hakuishika saa mpaka alipotandika kitambaa cheupe mezani. Akaitazama usoni, akaitazama ubavuni, akauliza, "Ni ya marehemu?" Nikamwambia ni ya Mzee wangu. Akainamisha kichwa. Jamani, akainamisha kichwa!

Kisha akafungua kifuniko cha nyuma mbele ya macho yangu. Maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuona ndani ya saa ile. Kulikuwa na rangi ya shaba, kunang'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa, na kile kipande cha nusu duara kinachozunguka ukitikisa mkono kikateleza polepole bila sauti. Akanipa lensi yake niweke jichoni. "Soma hapo, mama." Nikasoma 565, ndiyo namba ya aina ya mashine. Vito 24, yale mawe madogo ambamo ekseli za magurudumu hugeukia. Na namba ndefu ya tarakimu 8, imeanza na 26. Akanieleza kwamba jina Seamaster lilianza mwaka 1948, lakini mashine kama hii ni ya miaka ya sitini, na kwamba namba ya saa hizi za zamani huchongwa ndani kwenye mashine, na hii yangu inalingana na mwaka ninaoutaja. Akanionya nisikubali mtu apige gamba lake polishi, wala apake upya ule uso uliogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana wanunuzi wa saa kuukuu wanataka ule uzee wenyewe. Ukiufuta, bei inaondoka nao.

Na haya yote ni kweli! Nimeuliza baadaye, ni kweli tupu. Mtu akija na uongo ninamsikia akiwa bado barabarani. Huyu alikuja na ukweli, akaumwaga mezani bure kama mwalimu, nami nikakaa kama mwanafunzi wa darasa la tatu.

Nikatoa simu nipige picha ile mashine. Akaifunika kwa kiganja. "Hapana mama, mwanga wa simu unaharibu rangi ya uso wa saa." Nikarudisha simu mkobani, nikamwomba na radhi. Uso wa saa wakati huo ulikuwa umelala kifudifudi kwenye kitambaa! Mwanga ungeufikiaje? Sasa hivi naandika nikitafuna meno.

Akasema hawezi kutaja bei mpaka aipime kwenye kile chombo cha kusikiliza mapigo, kiko kwa mwenzake ghorofa ya juu, na kuna foleni. "Kanywe chai, rudi saa nane." Ilikuwa saa tano na nusu. Akaniandikia risiti, akaigonga mhuri. Ule mhuri ndio ulionimaliza. Nilienda nikakaa na chai na mandazi mawili nikigawa pesa kichwani, hizi za huku, hizi za kule, zikibaki namnunulia mama blanketi.

Narudi saa nane kasoro, sura imebadilika, kama ya daktari anayekuita pembeni. "Pole mama. Ndani kumechoka. Mapigo yanaruka, springi imelegea. Nitakupa elfu kumi na mbili, ni kukusaidia tu." Kumi na mbili! Na mimi mjanja wenu nikasimama. Nikamwambia saa ya Mzee haiendi kwa bei ya viatu. Akapanda hadi kumi na tano, nikakataa. Akaifunga kwa kile kitambaa cheupe, akanisindikiza mpaka mlangoni. Nilishuka ngazi kifua mbele. Ndani ya matatu nikampigia Rehema, nikamwambia leo nimemshinda mtu wa mjini. Rehema ni shahidi, na hataniacha nisahau.

Mzee alikuwa na mchezo. Mwezi wa siku 30 ukiisha, asubuhi saa inaonyesha 31. Anavuta kile kitufe cha pembeni mpaka mwisho, tik, tarehe inaruka inakuwa 1. Tulikuwa tukigombania kukivuta, na mara moja kaka alinisukuma nikang'oka jino. Jumapili, siku iliyofuata, ilikuwa tarehe 1. Nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Nikaitikisa karibu na sikio, nikasikia kitu kinagongagonga kama punje ya mchele ndani ya kibiriti.

Jumatatu nikampelekea mzee mmoja, huyu sasa ndiye wa kibandani, wa meza ya mbao. Akafungua, akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, hii si mashine ya Omega." Ndani kuna kitu cheupe kama bati, jina limekwanguliwa. Akainua uso wa saa, umebandikwa kwa gundi. Nyuma ya uso kuna viguu viwili vidogo vinavyoingia kwenye matundu ya mashine. Mashine hii matundu yake hayalingani navyo, kwa hiyo vimekatwa. Hata kile kitufe chenye alama ya Omega kimebadilishwa, sikuona. Nimebaki na gamba, mishale, na uso uliokatwa miguu. Yule mzee anasema mashine nzima kama ile inauzika peke yake kwa wanaotafuta vipuri, na tena ningekubali zile kumi na tano yule wa ghorofani angepata vyote.

Nilirudi kwa yule wa ghorofani. Akanitazama kama hajawahi kuniona. "Mama, ulichukua mzigo wako ukaridhika. Risiti inasemaje?" Nikaisoma kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mbele ya wateja wawili: saa moja kuukuu, imepokewa. Basi. Hakuna Omega, hakuna 565, hakuna namba. Nililia pale pale, mtu wa miaka 52, mpaka msichana wa chai akaniletea maji.

Polisi nimepewa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio. Askari alikuwa na adabu, akaniuliza namba kamili ya mashine. Ninazo tarakimu mbili za mwanzo. Akaniambia kupata mali kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 3. Mitatu! Mzee aliivaa saa hiyo tangu 1969, stesheni baada ya stesheni, na huyu apewe mitatu? Mimi ningemkalisha kwenye meza ile ile, nimpe saa za kila mtu aliyemwibia, arudishe kila skrubu mahali pake tukimtazama, na chai asipewe. Mhuri wake uchomwe. Na wale majirani zake wa ghorofa ile waliokuwa wakitazama simu zao nikilia, nao Mungu anawaona. Rehema ananiambia nijaribu Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na uamuzi unatakiwa ndani ya siku 60. Nitaenda. Nikiweza kueleza bila kulia nitaenda.

Mtaniuliza dalili. Aliniuliza mara mbili kama nimeshamwonyesha mtu mwingine, nikadhani anaogopa kupokonywa biashara. Alikataa picha. Alitaka niiache. Nyingine nimezisahau kwa hasira. Ukiwa na saa kama hiyo, mwambie fundi yeyote akufungulie, piga picha ya mashine na namba yake, andika namba hiyo kwenye risiti mwenyewe, na akitaka kuipima ghorofa ya juu mpande pamoja. Na kama yako ina ule mchezo wa tarehe, vuta kitufe kabla hujatoka mlangoni.

Ukiuziwa mashine ya Omega 565 yenye namba inayoanza na 26, nipigie hata usiku wa manane.

Na tafadhali, mkikutana na mama msitaje neno. Ameuliza saa iko wapi, nikamwambia iko kwa fundi. Iko kwa fundi kweli, yule wa kibandani, anajaribu kubandua gundi.