Ofisi ya kuhariri picha za nyumba jijini Mwanza: wanachokiweza na wanachokizidisha

Kwa muda wa miezi mitano, tangu Juni hadi Oktoba, nimekuwa nikipeleka picha za nje za nyumba ninazozitafutia wanunuzi na wapangaji kwa ofisi moja ndogo ya kuhariri picha iliyopo katikati ya jiji la Mwanza. Katika muda huo wameshughulikia nyumba 14, kuanzia jengo la ghorofa la Capri Point hadi nyumba ya vyumba vitatu ya Buswelu ambayo uzio wake ulikuwa bado haujapigwa lipu. Sitaitaja ofisi hiyo kwa jina, kwa sababu baadhi ya ninayoyaeleza hapa ni malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha mezani kwao na wameahidi kuyafanyia kazi. Hata hivyo, dalali mwenzangu au mwenye nyumba anayefikiria huduma ya namna hii atapata humu mambo ya kumpimia mhariri yeyote atakayemwendea.

Nianze na wanachokiweza, nacho ni mwanga. Mwanza ipo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu sana mwaka mzima, na kila anayepiga picha za nyumba hapa anaijua taabu yake: bati hung'aa mpaka likawa jeupe, upenu huangusha kivuli kizito juu ya madirisha, na baraza hugeuka pango. Ushauri wa kawaida ni kungoja asubuhi au jioni, lakini zipo nyumba ambazo kungoja hakuzisaidii. Kati ya Aprili na Agosti jua hupita upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama kusini haupati jua la moja kwa moja tangu macheo hadi machweo. Nyumba yangu ya kwanza kuwapelekea, iliyopo Isamilo, ilikuwa ya aina hiyo, nami nilikuwa nimeipiga mara tatu kwa siku tatu tofauti, kila mara nikarudi na picha ya mbele ya nyumba iliyonuna chini ya anga jeupe.

Walichoniambia kilinionyesha kwamba wanaijua kazi. Walinitaka nirudi na kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, nipige picha tatu bila kuisogeza, moja ya kufaa anga, moja ya kawaida na moja ya kufaa kivuli, na zote ziwe ghafi (RAW), yaani zikiwa na kila kilichonaswa na kamera kabla ya kubanwa, badala ya JPEG. Sababu yao ni ya hesabu: JPEG huhifadhi ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, ilhali picha ghafi ya biti 14 huhifadhi ngazi 16,384, na ngazi hizo za ziada ndizo zinazomwezesha mhariri kukichimbua kivuli bila kuibua chengachenga. Picha iliyorudi baada ya kuunganishwa ilionyesha mishipa ya mbao za mlango wa mbele, rangi ya ukuta ikawa ileile niliyoiona kwa macho, na anga likabaki anga. Muhimu zaidi, hawakuizidisha. Sote tumeziona picha za kuunganishwa ambamo kila tofali linajitokeza kama limechongwa upya na mawingu yana kingo nyeusi. Hii haikuwa hivyo, na mwenye nyumba mwenyewe aliniuliza ni siku gani mwanga ulikuwa mzuri namna ile.

Jambo la pili wanalolimudu ni mistari ya wima. Jiji hili limepanda vilimani, na mara nyingi mpiga picha husimama barabarani chini, akaielekeza kamera juu, na kuta zikaonekana kuegemeana kwa ndani kana kwamba nyumba inataka kuanguka kisogo. Programu kama Lightroom hunyoosha kuta hizo kwa kubonyeza mara moja, na hapo ndipo wahariri wengi hukosea, kwa sababu kunyoosha kupita kiasi kunaivuta nyumba ya chini ionekane ndefu kama mnara na paa lake kuwa zito kuliko msingi. Hawa huacha mwinamo kidogo sana, kiasi ambacho jicho hukikubali. Aidha walinionya kuhusu lenzi pana mno niliyokuwa naitumia, ya milimita 16, ambayo iliufanya ua wa magari mawili uonekane kama uwanja wa shule. Mistari iliyopinda wanaweza kuinyoosha, walisema, lakini umbali wa uongo kati ya geti na baraza hauondoki kwa kuhariri. Tangu hapo natumia ya milimita 24, isiyo pana kiasi hicho, na, panapowezekana, naomba kupanda kwenye baraza la jirani wa ng'ambo ya barabara.

Kama huduma yao ingeishia hapo ningewapa sifa zote. Tatizo linaanza pale wanapoacha kurekebisha picha na kuanza kurekebisha nyumba, au kiwanja, au hata ziwa.

Anga ndilo dogo kati ya hayo. Tangu mwaka 2020 Photoshop ina zana ya kubadilisha anga, nayo imewazoesha wahariri kulitupa kila anga la mawingu na kubandika la bluu. Sina ugomvi na jambo lenyewe, kwa kuwa anga hubadilika lenyewe kila saa na hakuna anayenunua mawingu. Ugomvi wangu ni kazi isiyokamilika. Katika picha mbili za Pasiansi, anga lilikuwa jeupe kati ya majani ya mwembe na bluu juu yake, vioo vya madirisha vilionyesha mawingu ya mvua ilhali juu ya paa hapakuwa na wingu, na chini hapakuwa na kivuli chochote ingawa anga lilidai jua kali. Niliwarudishia, wakazirekebisha bila malipo.

Picha za machweo ni habari nyingine. Giza letu huingia upesi, na ule muda mzuri ambao anga lina rangi na taa za ndani zinaonekana haufiki hata nusu saa; kwa hiyo ninaelewa kwa nini mtu amlipe mhariri ageuze picha ya saa tisa alasiri kuwa ya saa moja kasorobo. Niliagiza moja kwa nyumba ya Buswelu ambayo mlango wake unatazama magharibi. Taa za madirishani zilikuwa za manjano ya kupendeza, kivuli cha uzio kilikuwa laini, na nyuma ya paa palikuwa na wekundu wa jua linalozama. Nyuma ya paa lile ni mashariki. Mkazi yeyote wa Mwanza anajua kwamba jua letu huzama upande wa ziwa, na hapa lilikuwa likizama Magu. Nilicheka, kisha nikaikataa picha, na hadi sasa sijaagiza nyingine.

Ziwa nalo hawakuliacha. Nyumba ya Luchelele iliyo kwenye mteremko ina mandhari nzuri ya maji kutoka uani, na kati ya uzio na ufukwe kuna shamba la mihogo la jirani na ukanda wa matete. Mhariri aliyafuta matete na sehemu kubwa ya mihogo, akayasogeza maji hadi karibu na ukuta, kisha akayapaka bluu ya bahari ya Nungwi, Zanzibar, ambayo ufukwe wetu wenye kijani na magugu maji haujawahi kuwa nayo. Aliyenipigia simu kwanza alikuwa mteja wa Dar es Salaam, mtu makini, na swali lake halikuhusu bei. Alitaka kujua kama nyumba ile imejengwa ndani ya mita 60, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuathiri uhifadhi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba ipo mbali zaidi ya hapo, nami nina vipimo, lakini picha yangu mwenyewe ilikuwa ikishuhudia kinyume. Nilimtumia picha ya awali jioni ileile pamoja na maelezo marefu. Alinijibu kwa adabu kwamba ataendelea kutafuta. Hivyo uhariri ulioagizwa ili kuipandisha thamani nyumba uliibandika kosa la kisheria ambalo haina.

Lakini kisa kilichonifanya niandike tathmini hii ni cha jiwe. Nyumba ya Bwiru ina jiwe nyuma ya jiko, jiwe moja la mviringo lililopita urefu wa paa, la aina ambayo mgeni huiona Mwanza kila anapogeuza shingo na ambayo kwa Jiwe la Bismarck imekuwa nembo ya jiji. Katika picha niliyoipeleka lilionekana upande wa kushoto, nusu yake ikiwa kivulini. Katika picha iliyorudi palikuwa na nyasi na minazi miwili midogo. Nakiri uzembe wangu: picha ziliingia kwenye simu usiku, nikazitazama kwa haraka katika kioo kidogo, nikaridhika na rangi ya ukuta, nikazisambaza. Siku nne baadaye mteja alifika kwa basi kutoka Shinyanga, akasimama getini, akaitazama simu yake, akalitazama jiwe.

"Kaka," akaniuliza, "hili limeota lini?"

Sikuwa na jibu. Alizunguka nyumba yote kwa heshima, akanywa maji, akarudi stendi siku hiyohiyo.

Nilipofika ofisini kwao, kijana aliyeihariri picha ile alinieleza bila kuficha kwamba alidhani jiwe linaharibu picha. Nilimwambia, na narudia hapa, kwamba katika mji huu jiwe ni sehemu ya kiwanja kama ulivyo msingi. Anayenunua anataka kujua kama maji ya mvua yanateremka juu yake kuelekea jikoni, kama nafasi ya kujenga banda la wapangaji ipo au imeliwa, na kama akitaka kulipasua mafundi watamdai kiasi gani kwa kazi ambayo ni ya moto, nyundo na siku nyingi. Na wapo wanaolipenda: mpangaji wangu mmoja wa Capri Point aliichagua nyumba kwa sababu jiwe lake linakinga jua la alasiri. Kulifuta ni kumnyima wa kwanza taarifa na wa pili kivutio.

Mengine ni madogo. Nyasi zilizokauka mwezi wa Agosti kuzirudishia ukijani sioni ubaya, mradi nyasi zipo na mvua za Oktoba zitaufanya ukijani huo kuwa kweli. Kuotesha bustani penye vumbi tupu ni jambo jingine. Pipa la taka, kamba ya nguo na pikipiki ya fundi waviondoe, ingawa ni rahisi zaidi kuviondoa kwa mkono kabla ya kupiga. Nguzo ya umeme ibaki. Madoa ya udongo mwekundu chini ya ukuta yalinipa shida ya kuamua, kwa sababu mengine ni matope ya mvua yanayooshwa kwa ndoo moja, na mengine ni unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Sasa nakwangua rangi kidogo kwa ukucha kabla ya kuagiza yafutwe. Ikibanduka, doa linabaki pichani.

Malipo yao ni shilingi 6,000 kwa picha ya kawaida na 15,000 kwa ile ya machweo, kwa simu au taslimu, na kazi hurudi ndani ya siku mbili. Kwa nyumba moja napeleka picha nne za nje, yaani shilingi 24,000, kiasi ambacho kwa kazi ya mwanga na mistari naona ni cha haki. Mwanzoni walikuwa wakizituma kupitia WhatsApp kama picha za kawaida, zikafika zimebanwa hata kingo za mabati zikawa na ngazi. Sasa wanazituma kama faili, ukubwa wa aina mbili, mmoja wa mtandaoni na mwingine wa kuchapisha bango. Kasoro iliyobaki upande huu ni kwamba hawana fomu ya maagizo, na kila kitu husemwa kwa mdomo kwa yeyote aliyepo mezani, ambaye siku ya pili huenda asiwe yeye anayeihariri picha.

Kwa hiyo nimejitengenezea utaratibu wangu. Kila picha naipeleka na nakala iliyochapishwa kwenye karatasi, ambapo naandika kwa kalamu kinachoruhusiwa kuguswa, na kisichoguswa nakizungushia duara jekundu. Inaporudi naifungua kwenye kompyuta kando ya ile ya awali kabla haijafika kwa mtu mwingine yeyote. Wao hawakukasirika, yule kijana wa Bwiru ndiye aliyependekeza kalamu nyekundu. Juma lijalo nina nyumba ya Kiseke inayotazama kusini, yenye nguzo ya umeme mbele na mawe matatu uani, na karatasi yake imekwisha kujaa miduara minne.