Silksong: gemu tamu, mkono wa birika

Juzi usiku nimeona mwisho wa kwanza wa Hollow Knight: Silksong. Steam, lile duka la gemu za kompyuta, inasema nimecheza saa 47, na bado kuna sehemu ya tatu nzima ambayo gemu yenyewe haikwambii kama ipo, unaambiwa na watu. Kwa hiyo hii rivyu naiandika nikiwa nimevuka mto ila sijafika nyumbani, na naiandika sasa hivi kwa sababu nimechoka kuamua ugomvi wa mdogo wangu na rafiki yangu mmoja, maana dogo anasema hajawahi kucheza gemu bora kama hii tangu ajue kushika pedi, na yule mwingine aliifuta kwenye laptopu siku ya nne akasema hawa jamaa wanawachukia wachezaji. Ukiingia mtandaoni unakutana na hao hao wawili, ila wako maelfu kwa maelfu.

Kwa ambao hamkuwepo: Team Cherry ni kikundi cha watu wachache sana wa Adelaide, Australia. Mwaka 2014 walipitisha bakuli Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela, wakapata dola elfu 57 na ushee za Australia, 2017 wakatoa Hollow Knight, kale kamdudu kenye kichwa cheupe na pembe mbili kanakopigana kwa msumari. Kwenye ile michango waliahidi kwamba Hornet, yule binti wa vazi jekundu aliyekuwa anatutwanga, siku moja tutamcheza wenyewe kama nyongeza. Nyongeza ikavimba weee, Februari 2019 wakatangaza imekuwa gemu kamili, afu baada ya hapo kimya. 2022 kwenye shoo ya Xbox ikaonekana kama ndani ya miezi 12 itakuwa mezani, Mei 2023 wakasema bado. Kuna jamaa YouTube alikuwa anaweka video kila siku ya Mungu kutangaza kwamba leo hamna habari yoyote. Mashabiki wakaanza kujipaka rangi usoni kama wachekeshaji wa sarakasi, wanajicheka wenyewe kila kukiwa na tangazo la gemu na Silksong haimo.

Halafu Agosti 21, 2025 wakaibuka tu: wiki mbili, Septemba 4. Watengenezaji wengine wadogo wakaanza kusogeza tarehe zao wasije wakazikwa. Na Team Cherry walipoulizwa kwa nini miaka yote hiyo, jibu lao lilikuwa kwamba hawakukwama popote, walikuwa wanafurahia kuitengeneza ndo maana wakazidi kuongeza. Kuna watu hilo jibu liliwakera kuliko kusubiri kwenyewe.

Siku yenyewe ilifunguliwa saa 11 jioni kwa saa za kwetu na nilikuwa nimeshaweka hela kwenye kadi, dola 20 kasoro senti, kama elfu 50 ya hapa Bongo. Nabonyeza kununua, Steam inaleta kosa. Nabonyeza tena, kosa. Nikadhani ni bando langu nikazima data nikawasha, kumbe dunia nzima imekwama, Steam, duka la Nintendo, la PlayStation, la Xbox, wote wamelemewa. Siku hiyo hiyo watu zaidi ya laki tano walikuwa ndani kwa wakati mmoja Steam peke yake. Gemu ya pande mbili (2D), ya kuchora kwa mkono, ya wadudu! Na haifiki hata GB 10, inaendeshwa na laptopu yangu ambayo feni yake inalia kama mashine ya kusaga.

Sasa ugomvi ulianza siku ya pili tu, watu walipotoka kwenye eneo la mwanzo wakaingia ndani zaidi.

Ngoja nieleze hesabu maana hapo ndo penye kisa. Unaanza na vinyago vitano, hivyo ndo uhai wako. Kwenye gemu ya kwanza ukigongwa unapoteza kimoja, unajua una makosa matano. Hapa mabosi wengi (wale maadui wakubwa) na hata mitego mingine inakula vinyago viwili kwa pigo moja, kwa hiyo vitano vyako ukweli wake ni makosa matatu, na ukipata kinyago cha sita bado ni makosa matatu! Watu walihangaika kutafuta vipande vinne vya kinyago wakaona hakuna kilichobadilika. Kwa upande mwingine Hornet akijitibu anarudisha vinyago vitatu kwa mkupuo, tena anaweza kufanya akiwa hewani, ila inakula hariri tisa, ile nguvu unayoivuna kwa kupiga wadudu, na mwanzoni kibobini chako kinabeba tisa tu, yaani ama unaitumia kwa mapigo ya hariri ama unajitibu, chagua.

Afu kuna suala la kupiga chini. Kale kamdudu ka zamani kalikuwa kanapiga chini wima, Hornet anashuka mshazari kama mwewe. Vidole vyangu vimezoea wima tangu 2018. Saa tatu za kwanza nilikuwa naruka kwenye miba kwa hiari yangu mwenyewe. Kuna nembo ya kuvaa inayokurudishia pigo la wima, inapatikana mapema tu, ila nikasema hapana, ngoja nijifunze, na nakiri baada ya kama saa kumi nikawa sitaki kurudi nyuma, ule mshazari ukishakaa kwenye vidole unajiona fundi kweli kweli, unapita juu ya vichwa vya wadudu wanne bila kugusa ardhi.

Kwa hiyo upande wa ugumu wa mapigano mi nipo na dogo. Bosi kama Lace pale mwanzoni ni ngoma, anakuonyesha atafanya nini, anacheka, anarudi nyuma, unajibu. Ukifa unajua umekufa kwa nini. Nimekufa mara nyingi sana na mara nyingi nilikuwa natabasamu. Hao wanaosema gemu haina haki kwa sababu mabosi ni wagumu nadhani wanataja ugonjwa sio.

Ugonjwa wenyewe ni ubahili. Silksong ina mkono wa birika, na hapa ndo namuelewa yule rafiki yangu.

Hela ya gemu ni rozari, shanga. Wadudu wanaodondosha rozari ni wale mahujaji wenye akili zao, wanyama wa porini hawadondoshi kitu cha kununulia, na nusu ya kwanza ya gemu uko porini. Halafu kila kitu ni cha kulipia. Ramani unanunua kwa Shakra, muuza ramani wa humo, sawa, hata zamani ilikuwa hivyo. Kituo cha kengele cha kusafiria, lipia. Benchi, BENCHI, kitu cha kukaa tu upumue na gemu isevu, kuna sehemu unaingiza shanga kwanza ndo linainuka kutoka chini. Unafika hapo kinyago kimoja kimebaki, mfukoni huna kitu, unaliangalia benchi kama daladala ya mwisho inakuacha na huna nauli. Ukifa rozari zinabaki pale ulipofia na ukifa tena kabla ya kuzifuata zimeenda. Dawa yake ni mashine za kuzifunga kwenye uzi zisipotee: unaweka 80 unapewa uzi wa 60. Ishirini zimeliwa na mashine! Nimekimbia makato ya kutoa hela kwenye simu nimeyakuta kwa wadudu.

Na ile benchi ya Hunter's March, moja ya maeneo ya gemu. Nisiseme mengi kwa ambaye hajafika, ila nilikuwa nimetoka kwenye mateso ya nusu saa, nikaliona benchi, nikakaa, kumbe mtego. Nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Mtu aliyebuni kile kitu alikuwa anajua fika mimi ninakuja, nimechoka, na nitakaa bila kuangalia pembeni. Hapo sikukasirika kabisa, utani wa namna hiyo ndo nauita wa haki, umekuonyesha dalili wewe ndo hukutazama.

Kinachoniudhi ni kurudishwa. Chukua Last Judge, yule mlinzi wa lango mwenye chetezo la moto. Bosi mzuri, mzito, kila hatua yake inatikisa. Ila kila ukifa unaanzia benchi la mbali, unapanda ngazi zile za upepo na mchanga, kuna wadudu wanachimbuka chini wanakung'ata, unaruka, unateleza, dakika nzima au zaidi hivi, ndo unafika unapigwa ndani ya sekunde 20. Unarudi. Mara ya kumi na kitu nilikuwa namjua yule bosi kidogo na njia ya kwenda kwake nimeikariri kama ya shuleni. Usiku mmoja nikamfikisha karibu kabisa, nikaona ameanza kuyumba, umeme ukakata. Laptopu yangu betri ilikufa siku nyingi, kiza. Nikakaa gizani nimeshika pedi bado ya moto. Uliporudi nikawasha, naam, benchini. Hilo la umeme simlaumu mtu wa Adelaide, lakini ngazi zile namlaumu. Na nilipokuja kumuangusha kweli, kesho yake, kinyago kimoja kimebaki, naweka pedi chini nishangilie, naona mwili wake unawaka. Unalipuka! Bosi aliyekufa analipuka. Niliidaka pedi nikaruka pembeni sijui kwa mkono gani.

Sasa ukisema haya mtandaoni unajibiwa neno moja: komaa. Umelalamika benchi, komaa. Umesema vinyago viwili ni vingi kwa mdudu wa kawaida, komaa, rudi kwenye gemu za kulima mchicha. Naelewa wanatoka wapi. Mtu amesubiri tangu 2019, amechekwa, amejipaka rangi usoni, leo kitu kimefika na wa kupita njia anasema kina kasoro, lazima aone kama unamtukania mtoto. Wengine waliomaliza Hollow Knight mpaka lile hekalu la mabosi wanataka kitu kinachoanzia pale walipoachia, na Silksong inaanzia hapo kweli, haina muda wa kukufundisha. Tatizo wale laki tano wa siku ya kwanza si wote walimaliza ile ya kwanza, wengine walikuja na upepo.

Siku chache baadaye Team Cherry wakatoa marekebisho, mabosi wawili, Moorwing na Sister Splinter, wakalegezwa kidogo, bei za baadhi ya mabenchi na vituo zikashuka, malipo ya kupeleka mizigo yakaongezwa. Hapo nikaona maajabu: waliokuwa wamelia wakasema haitoshi, waliokuwa wanasema komaa wakalia kwamba ushindi wao umeshushwa thamani. Mdogo wangu alimpiga Moorwing kabla ya marekebisho na anataka wageni wakija nyumbani wajue.

Kuna kundi la tatu ambalo watu walilisahau upesi, Wachina. Rivyu za Kichina kwenye Steam zilikuwa mbaya kabisa siku za mwanzo na wengi wakadhani wanalalamikia ugumu. Wapi. Walikuwa wanalalamikia tafsiri, kwamba imeandikwa Kichina cha kizamani chenye madoido mpaka maana inapotea, na Team Cherry wakakubali wakaahidi kurekebisha. Nikajaribu kufikiria Silksong ya Kiswahili (haipo, tusijidanganye) halafu mtafsiri ameiandika yote kwa Kiswahili cha tenzi, mdudu anakuelekeza kwa mizani na vina na wewe unataka kujua tu ufunguo uko wapi. Ningeandika rivyu mbaya na mimi.

Nisije nikaonekana nimeichukia lakini. Muziki wa Christopher Larkin ukifika ule mji wa juu, Citadel, na zile kengele, nilisimama tu sifanyi kitu. Na Sherma! Kale kahujaji kadogo kanaimba mbele ya lango lililofungwa, kanaamini wimbo ndo utalifungua, wewe unazunguka kwa jasho unalifungua na kenyewe kanashukuru wimbo umejibiwa. Nilikuwa na kisirani cha siku nzima kikaisha pale. Kila nikikakuta mbele huko naogopa nisikute kamekufa.

Nikilazimishwa alama natoa nane na nusu, ile moja na nusu imeliwa na mashine ya nyuzi na ngazi za Last Judge. Dola 20 kwa kitu cha saa 47 ambacho bado hakijaisha ni bei ya kutupa. Kama uliishindwa ya kwanza usianze na hii, anza na ile, na kama unacheza baada ya kazi una saa moja tu kwa siku, jua kuna siku hiyo saa itaishia kwenye njia ya kurudi kwa bosi.

Kwa sasa nimekwama eneo linaitwa Bilewater. Maji machafu, funza wanakuganda na wakikuganda hujitibu mpaka uwatoe, kwa mfano kwa kuoga maji safi, benchi wamelificha nyuma ya ukuta wa kuvunja, na mwisho kuna mdudu mnene anaitwa Groal. Jana nimemtumia yule rafiki yangu picha ya pale kwenye maji, nikidhani tutacheka. Akajibu saa saba usiku kwa neno moja tu, na mnalijua.