Bhutan kwa Barabara: Nenda kwa Gari, Rudi kwa Ndege

Hamjambo jamani, karibuni. Leo mezani sina simu wala blenda kama mlivyozoea. Ninachochambua ni safari: kuingia Bhutan, nchi ndogo ya milimani kati ya India na China, kwa barabara kutokea India.

Wengi mmeniuliza kama njia hii ni nafuu. Nauli, ndiyo. Lakini ile ada ya utalii, dola 100 kwa mtu mzima kila usiku, iko palepale hata ukija kwa miguu. Viza ni dola 40. Kwa hiyo masiku sita ni dola 640, na hapo hujalipa hoteli, chakula, gari wala mwongoza watalii. Mhindi yeye analipa rupia 1,200 kwa usiku. Msinune, huo ni ujirani wao.

Unashuka uwanja wa ndege wa Bagdogra, India, karibu na mji wa Siliguri, unakodi gari kama saa nne kupitia mashamba ya chai mpaka Jaigaon, mji wa mpakani upande wa India. Jaigaon ni honi na vumbi. Vuka lango la mpaka, uko Phuentsholing, mji wa Bhutan, na kelele zinakatika kama mtu kazima redio. Saa yako isogeze mbele nusu saa.

Hapo langoni ndipo nilipochemka. Niliona wenyeji wanapita na vitambulisho vyao, nami nikajiunga na msururu, begi mgongoni. Kumbe mgeni lazima kwanza agongewe muhuri wa kutoka India, na ofisi hiyo haiko langoni, iko huko nyuma mjini. Nikarudishwa na jua la saa saba, natafuta kibao. Nyinyi anzeni hapo kabla hata ya kunywa chai.

Sasa utamu wenyewe, barabara ya kupanda Thimphu, mji mkuu. Unaanza kama mita 300 juu ya bahari, unamalizia kwenye 2,300 hivi. Masikio yanaziba, ukungu wa Gedu, mji ulio njiani, unameza gari la mbele, na chini bonde halionekani mwisho. Barabara hii ilikamilika mwaka 1962. Kabla yake ilikuwa miguu na nyumbu wa mizigo. Ukifika Chuzom mito miwili inakutana na njia zinagawanyika: Paro, Haa, Thimphu. Kama tumbo lako haliwezi kona, beba ndimu ya kunusa. Na kati ya Juni na Septemba msiende, mvua inaporomosha milima barabarani. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yangu.

Chakula? Ema datshi. Pilipili na jibini. Pilipili pale ndiyo mboga yenyewe, kaka! Hata mimi wa Mombasa nililia.

Kwa nini nasema rudi kwa ndege? Viza ya India ya mtandaoni inakuruhusu kutoka kupitia Jaigaon, lakini kuingia tena kwa viza hiyo, Jaigaon haimo kwenye orodha ya vituo vya kuingilia. Panda ndege uwanja wa Paro, Bhutan, ushukie Delhi au Kolkata. Na hakikisha viza yenyewe ni ya kuingia zaidi ya mara moja, maana India utaipita mara mbili. Kwa sisi tunaotokea Kenya, cheti cha homa ya manjano kiwe kwenye pasipoti, na chanjo uipate siku 10 kabla ya kusafiri. Bila hicho unaweza kuwekwa karantini kabla hujauona huo mlima.

Alama zangu: barabara tisa kwa kumi, makaratasi nne kwa kumi. Mwenye swali la viza aandike hapo chini, nitajibu jioni nikitoka kazini.