Mihadhara ya Jioni Kuhusu Uturuki: Inastahili Ada Yake

Mhadhiri wa siasa aliyeishi Ankara kwa muda mrefu anatoa mihadhara ya jioni hapa katikati ya jiji la Nairobi, na nakiri kwamba inastahili kabisa ada inayotozwa. Kilichonigusa zaidi ni kipindi cha vyombo vya habari. Alitandaza mezani nakala za gazeti la Hürriyet, za kabla na za baada ya mwaka 2018, ambapo kampuni ya Doğan iliuza magazeti na televisheni zake kwa kampuni ya Demirören, yenye uhusiano wa karibu na serikali, akatutafsiria vichwa vya habari kimoja baada ya kingine, kisha akanyamaza ili tulinganishe wenyewe. Kwa sisi Wakenya, tulio na wanasiasa wanaomiliki vituo vya redio, maswali hayakukauka.

Uchaguzi wa meya wa Istanbul wa mwaka 2019 aliueleza kwa ustadi: Ekrem İmamoğlu, mgombea wa upinzani, alishinda kwa kura zipatazo 13,000, matokeo yakafutwa, na katika marudio akashinda kwa takriban kura 800,000. Ukumbi mzima ulikumbuka marudio yetu ya 2017, na mjadala ukapamba moto.

Maisha ya kila siku, kwa bahati mbaya, yaliguswa juujuu tu, ingawa mfumko wa bei uliopita asilimia 80 mwaka 2022 ulistahili jioni nzima. Naomba pia muda wa maswali uongezwe, kwani wanaotegemea matatu za Kayole na Rongai hulazimika kuondoka kabla ya kujibiwa.